Fahali wa Wachimba Mafuta

Vijana wangu wa ofisi ya kata, siku ya kuniaga mlinipa redio mpya na kreti ya soda, mkasema niwaandikie kidogo habari za kazi. Soda zimekwisha na redio inakoroma, kwa hiyo naandika. Vyeo sitavitaja, maana havikuwa vingi, na mshahara sitautaja kwa sababu wake zenu watasoma. Nitawaeleza juu ya barua moja iliyokwenda kwa mbunge na ng'ombe aliyefuatana nayo. Mengi niliyoyatumia baadaye katika kazi hii niliyajulia hapo.

Nilifika Nyamwaga nikiwa katibu wa kijiji, miaka ile watu walipokuwa wamekusanywa kwenye vijiji vya ujamaa na wengi bado wanaota migomba yao ya zamani. Mimi ni mtu wa Busawe, upande wa Serengeti, na lugha yetu na Kikurya chao ni ndugu, lakini walinipima kama mgeni tu. Lori la ushirika lilinishusha na sanduku la mbao na godoro lililokuwa limelowa mvua njiani. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi. Ndani mlikuwa na meza, bendera, na taipureta ambayo herufi K yake ilikuwa imekatika. Jaribuni kuandika "Katibu wa Kijiji" bila hiyo herufi ndipo mtajua shida. Kila barua niliipiga kwanza, kisha nikairudia na kalamu kujaza mapengo.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Marwa, mtu mrefu mwenye koti la jeshi alilolipata sijui wapi. Alijua kuandika jina lake na basi. Siku yangu ya kwanza mkutanoni nilikuwa naandika kwa kufupisha, nilivyofundishwa kwenye kozi. Akaja nyuma yangu, akaniuliza nimeandika nini. Nikamsomea.

"Mbona wewe umeandika maneno yako?" akasema. "Yule amesema ng'ombe wake waliingia shamba kwa sababu mtoto alilala. Wewe umeandika uharibifu wa mazao. Mtoto yuko wapi?"

Tangu hapo niliandika mtu alivyosema, hata kama alisema upuuzi. Nanyi fanyeni hivyo, mtapunguza kesi.

Sasa nije kwenye friji, maana barua yenyewe ilianzia hapo. Zahanati ya kijiji ilikuwa na friji moja nyeupe ya mafuta ya taa, ya kuhifadhia chanjo. Chini yake kulikuwa na tangi dogo na utambi, na moto mdogo wa buluu uliowaka mchana na usiku. Watu walikuja kuiona makusudi. Waliinama wakautazama moto, kisha wakaomba kugusa chupa za juu zilizokuwa baridi, wakaondoka wanatikisa vichwa. Aliyeitunza alikuwa Nesi Paulina, mwanamke mkali mwenye viatu vyeupe visivyochafuka hata masika. Alikata utambi kwa wembe kila asubuhi, na ole wake aliyeufungua mlango wa friji kwa udadisi.

Mwaka uliotangulia surua ilikuwa imepita kijijini ikachukua watoto. Mmoja wao alikuwa wa Ghati. Na Ghati alikuwa mke wa Bibi Bhoke. Ninyi wa hapa mnaelewa, lakini kama barua hii itafika mbali nieleze: mwanamke wa Kikurya asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto wakawa wajukuu wa nyumba yake. Ndiyo nyumba ntobhu. Bibi Bhoke alikuwa mjane, ana zizi lake, ana mke wake, na kwenye daftari la kijiji nilimwandika mkuu wa kaya kama mwanamume yeyote. Mkutanoni alikaa mbele. Mjukuu wa kwanza walimzika. Wakati ninaousema, Ghati alikuwa na mtoto mwingine mgongoni, Robi, na Nesi alikuwa amewaambia wamlete achanjwe miezi yake ikitimia.

Mafuta yakaadimika. Mlio na umri mnakumbuka, na wasiokumbuka waulize baba zao. Bei ilipanda huko duniani, sisi huku tukaisikia kwenye vibatari. Mijini magari ya watu yalikatazwa kutembea Jumapili mchana, jambo ambalo halikutuumiza Nyamwaga kwa kuwa hatukuwa na gari la kukatazwa. Lakini mafuta ya taa yalikuja kwa mgao, pipa moja kwa duka la kijiji, na zahanati ilipanga foleni humo humo pamoja na wenye vibatari. Asubuhi moja Nesi Paulina alikuta moto umezimika. Chupa zilikuwa na jasho. Alizitoa moja moja, akazichoma nyuma ya zahanati, na nilimwona analia kwa hasira huku anakoroga majivu kwa kijiti.

Ndipo mkutano ulipoitwa. Redio ya Mzee Marwa ilikuwa imetangaza kwamba serikali inatafuta mafuta yake yenyewe, inachimba huko pwani, kwenye bahari. Watu walibishana tangu asubuhi hadi ng'ombe wanarudi. Wako waliosema nchi ichimbe haraka, moto wa friji yetu usiwe mikononi mwa watu wa mbali. Mmoja akauliza, yakipatikana, yataanza kwenda wapi, kwenye magari ya mjini au kwenye zahanati? Mwingine akasema afadhali yasipatikane, maana mali ya chini ya ardhi huleta watu wenye suruali. Niliyaandika yote. Tukakubaliana barua iende kwa mbunge, iseme mambo mawili: kwamba tunaunga mkono nchi ichimbe mafuta yake na tunataka kujua yatagawiwaje, na kwamba wakati tunangoja, zahanati ipewe mafuta yake ya taa, yasipitie dukani.

Barua ilipokwisha kusomwa, Bibi Bhoke alisimama. Alikuwa mfupi, sauti yake nzito.

"Mimi natoa fahali aende na hiyo barua," akasema, akakaa.

Watu wakaguna kwa kukubali. Hakuna aliyeuliza kitu, wala mimi. Nikaongeza mstari chini: "Pamoja na barua hii tunaleta fahali mmoja kutoka kwa Bhoke, mkuu wa kaya." Nilijaza K zangu kwa kalamu, nikapiga muhuri.

Kesho yake nilishika njia ya Tarime na fahali mwekundu, mwenye pembe nzuri na moyo mbaya. Kila penye daraja alisimama. Kila penye majani alikumbuka kula. Nilikuwa na fimbo na barua iliyofungwa kwa nailoni kifuani, na watoto wa njiani waliniita mwizi wa ng'ombe kwa kunitania, maana eneo letu wizi wa ng'ombe nao ni utani. Nililala kwa mjomba wa Mzee Marwa, asubuhi nikafika ofisi ya chama mjini, mbunge alikokuwa anawaona watu.

Mbunge alikuwa mtu mstaarabu, mwembamba, mzaliwa wa huko huko lakini aliyesoma shule za mbali tangu utotoni. Aliisoma barua yote akiwa amesimama, mara mbili, akaikunja taratibu. Kisha akatoka nje akamwona fahali amefungwa kwenye mlingoti wa bendera.

"Ndugu Katibu," akaniambia kwa upole, "mimi nimefungwa na miiko ya uongozi. Nikimpokea huyu leo, kesho nitapokea shamba, keshokutwa nyumba. Barua nimeichukua na nitaifanyia kazi. Ng'ombe mrudishe, uwaambie nimeshukuru sana."

Nilimheshimu kwa hilo. Hadi leo namheshimu. Viongozi wa kurudisha ng'ombe hawakuwa wengi hata wakati ule. Nikamfungua mnyama wangu tukarudi, safari hii akitembea vizuri kwa sababu alijua anakwenda nyumbani.

Bibi Bhoke alikuwa langoni pa zizi. Alituona tangu mbali. Tulipokaribia alichukua magogo ya lango akayapanga, moja juu ya jingine, mpaka lango likafungwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyo wa nani?"

"Wako, bibi. Mbunge ameshukuru, lakini sheria za viongozi zinamkataza zawadi."

"Wangu alitoka," akasema. "We mura, kijana, Busawe kwenu ng'ombe wakirudi inakuwaje? Hapa ng'ombe wakirudi, ndoa imekufa. Nimesikia alivyosema mbunge. Mpeleke unapojua."

Ghati alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, macho yake yakinifuata mpaka nikapotea.

Basi fahali akawa wa ofisi. Hakuna mtu kijijini aliyekubali kumweka zizini mwake, hata Mzee Marwa. Nilimfunga nje ya dirisha langu, nikawa namkatia majani asubuhi kabla ya kufungua jalada. Watu waliokuja kwa shida zao walimpita wakanitazama kwa huruma, wengine kwa kicheko. Mbaya zaidi, maneno yalianza kuzunguka kwamba mbunge amewakataa watu wa Nyamwaga. Nesi Paulina naye alikuwa ameletewa chanjo nyingine na mafuta kidogo ya mgao, akachungulia tangi la friji akaniambia moto umebakiwa na siku chache. Niliogopa. Nilikuwa kijana, sina mke, na nilijua kwamba mtoto wa Ghati akiugua nitaondoka kijiji kile bila kuaga.

Mzee Marwa akaniita. "Andika tena," akasema. "Mwambie ng'ombe amekataliwa kwao. Usiongeze kitu, mwambie hivyo tu. Akiwa Mkurya atakuja mwenyewe."

Nikaandika mistari minne, nikampa dereva wa lori la ushirika.

Mbunge alikuja. Alikuja na Land Rover ya wilaya, na najua petroli ile aliiombea kibali, kwa sababu dereva alitulalamikia mpaka walipoondoka. Watu walikusanyika uwanja wa zahanati, fahali naye akaletwa, maana ndiye aliyekuwa na kesi. Mbunge hakwenda kwenye kiti alichowekewa. Alimwendea Bibi Bhoke akainama.

"Shikamoo, bibi. Nimeambiwa nimekukosea."

"Marahaba. Mimi hukunikosea. Ulirudisha chakula cha watu."

"Watu gani, bibi?"

"Si hao mnaotangaza wanachimba mafuta baharini? We ukialika watu shambani kwako, wanakula nini? Wanakula upepo?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mbunge akamjibu kwamba wale wachimbaji wanalishwa na serikali.

"Kama ni serikali inalisha peke yake, basi na ivune peke yake," Bibi Bhoke akasema. "Mimi nikilisha watu wa kazi, siku ya kuvuna nasimama na kikapu changu, hakuna wa kuniuliza nimefuata nini. Pale Nyamongo wazungu walichimba dhahabu. Sisi tulikaa juu ya mawe tunawatazama. Hatukuwapa hata maji. Dhahabu ikaenda, tungesema nini? Ulimlisha nani, wangetuuliza. Sasa haya mafuta ndiyo yanawasha moto wa dawa ya watoto. Nimeshazika mmoja. Haya sitaki kuyatazama tu."

Desturi hiyo niliijua tangu utoto: anayealika watu kulima ndiye anayewapikia, na aliyepika ana neno kwenye mavuno. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuinyoosha kutoka zizi la Nyamwaga mpaka kwenye bahari ambayo hajaiona. Wote mkutanoni walikuwa wameelewa tangu siku ya kwanza, ndiyo maana hakuna aliyeeleza. Mbunge akavua miwani akaifuta kwa shati, na miwani haikuwa na vumbi.

"Pale Busawe kuna wachimbaji wa serikali, wanachimba kisima cha maji," akasema mwishowe. "Tuwapelekee hao?"

"Maji ya Busawe ni ya Busawe. Na huyu Katibu ni wa huko, atafikiri namhonga."

Safari hii hata mbunge alicheka. Mzee Marwa ndiye aliyeleta njia. Kwenye mnada wa wilaya serikali ilikuwa inanunua ng'ombe, wanapakiwa malori hadi Mwanza, kutoka hapo wanapanda treni mpaka Dar es Salaam. Wanaochimba baharini, akasema, nyama yao si itatoka huko? Bibi Bhoke akafikiri, akakubali. Mbunge akaandika kikaratasi kwa mkono wake kwamba fahali huyu hauzwi, apelekwe pwani kwa ajili ya wachimba mafuta, akatia sahihi. Kisha akaahidi mbele yetu kulisema bungeni neno la kikapu, na kabla hajapanda gari aliingia zahanati na Nesi Paulina, akainama chini akautazama ule moto.

Nami nikarudi barabarani na rafiki yangu. Sasa fikirini: mnada wa Tarime, kijana ana fahali mzuri, na hataki hela.

"Bei gani?" mnunuzi wa serikali akauliza.

"Hana bei."

"Ni mgonjwa?"

"Mzima."

Mnunuzi akarudi nyuma hatua moja, akamwita polisi. Kile kikaratasi kilisomwa na polisi, na bwana mifugo, na mtu wa mizani, kila mmoja akiniangalia upya, kabla fahali hajapanda lori pamoja na wenzake. Kama alifika kwa wachimbaji au aliliwa kwenye hoteli ya Mwanza, sijui. Nilipomrudia Bibi Bhoke nilimwambia ninachokijua: amepanda gari, ameelekea pwani. Akaitikia kwa kichwa, akatoa magogo ya lango yaliyokuwa bado yamepangwa pale pale.

Mafuta ya zahanati yalikuja kabla moto haujafa, yakiwa na hati yake mbali na ya duka. Robi alichanjwa. Alilia kwa nguvu kijiji kizima kikasikia, na Bibi Bhoke akatembea mbele ya Ghati kurudi nyumbani akiwa amenyoosha kichwa kama mtu anayetoka kushinda kesi. Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote niliyopandishwa daraja, ingawa nimesema vyeo sitavitaja.

Baadaye redio ikasema kule pwani kilichopatikana ni gesi. Nilimpelekea habari mwenyewe.

"Gesi ni nini?"

"Ni kama hewa, bibi. Hewa inayowaka moto."

"Fahali mzima, mura," akasema, "wametupatia hewa." Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sikuwahi kumwona akicheka kabla ya hapo. Alipojifuta akauliza kama hewa hiyo ni yetu. Nikamwambia ni yetu. "Basi andika kwamba tunaisubiri."

Niliandika. Na tangu hapo kila mbunge mpya aliyechaguliwa nilimpelekea barua ile ile fupi: wananchi wa Nyamwaga waliwalisha wachimbaji na wanaisubiri gesi yao. Mmoja alinijibu kwa barua ndefu isiyo na kitu. Mmoja alidhani ni mzaha. Wengine hawakujibu, na ninyi vijana mlinicheka mliponikuta naipiga kwenye kompyuta, ambayo angalau K yake ilikuwa nzima. Bibi Bhoke alifariki akiwa mzee sana. Nilishika jembe kaburini kwake na nilimlilia kama mama yangu.

Mlikuwapo wenyewe siku umeme ulipowashwa zahanati, mwaka wangu wa mwisho kazini. Mnakumbuka turubai, viti vya plastiki, mgeni rasmi na friji mpya imefungwa utepe. Lakini hamkujua kwa nini nilichelewesha ratiba. Nilikuwa nimemwuliza fundi kijana wa umeme, yule wa kofia ya njano, umeme huu unatokana na nini. Akanijibu bila kufikiri kwamba mwingine ni wa maji na mwingine ni wa gesi ya pwani. Nikatuma bodaboda imlete Ghati.

Alikuja amevaa kitenge safi, mzee, mgongo umepinda, na mkononi ana kikapu kitupu. Alipita katikati ya viti akasimama mbele kabisa, karibu na friji. Fundi akamsogelea.

"Mama, kaa nyuma kidogo. Unasubiri nini hapa?"

"Nimekuja kuvuna," Ghati akasema. "Sisi tuliwalisha."

Fundi akanigeukia mimi, mtendaji, nimwondoe. Nilitoka kwenye kiti changu nikaenda nikasimama kando yake. Swichi ikawashwa, friji ikaanza kunguruma, na Ghati akakisogeza kikapu mbele kidogo kwa mikono miwili.